Kirene, Nyanza, na Mtu Asiyepewa Neno

Jina la Kirene si geni masikioni mwa watu wa Mwanza. Kila mwaka siku za Kwaresima, waumini wazungukapo viwanja vya makanisa yao kwa Njia ya Msalaba, hufika kituo cha tano, na hapo husikia habari za Simoni Mkirene, mtu aliyekuwa akitoka shamba, akakamatwa njiani na askari na kutwikwa mzigo usiokuwa wake. Injili hazimpi mtu huyo neno hata moja la kusema. Kama alikuwa Myahudi aliyelowea Afrika, au Mwafrika aliyeingia dini ya Kiyahudi, hapana lielezwalo. Msomaji hupewa jina lake, majina ya wanawe wawili, jina la mji wake, na mabega yake. Kisha msafara waendelea mbele, naye hatajwi tena.

Tangu tarehe 27 Oktoba 2017 jina la mji huo limewajia vijana mara ya pili, kwa mlango mwingine kabisa. Siku hiyo ulitolewa mchezo wa kompyuta uitwao Assassin's Creed Origins, kazi ya mafundi wa kampuni ya Ubisoft katika mji wa Montreal, nchini Kanada. Katika vibanda vya gemu vya Mwanza, ambako vijana hulipia muda ili washindane, mpira wa miguu ndio mfalme, na mchezo mrefu wa namna hii hauna kiti cha mbele, maana haumaliziki kwa nusu saa wala kwa nusu mwezi. Huchezwa zaidi majumbani, kwa wale wenye mashine zao. Lakini uchache wa wachezaji si sababu ya kuunyima mchezo uhakiki. Tenzi nyingi zinazosifiwa leo zilisomwa na watu wachache kuliko hao.

Kisa cha mchezo huo huanza mwaka 49 kabla ya Kristo, zama za Kleopatra, wakati nchi ya Misri ilipokuwa imekwisha kutawaliwa na ukoo wa Kiyunani wa akina Ptolemaio kwa muda wa zaidi ya miaka 250. Shujaa wake ni Bayek, mtu wa chemchemi ya Siwa iliyo katikati ya jangwa, mwenye cheo cha kale cha ulinzi kiitwacho Medjay. Mwanawe ameuawa, naye azunguka nchi nzima akiwatafuta wauaji mmoja baada ya mwingine. Katika kuzunguka kwake huingia Aleksandria, mji uliojengwa kwa amri ya Alexander, na baadaye huvuka mipaka ya Misri kwenda magharibi hata Kirene, mji ulioanzishwa na Wayunani wa kisiwa cha Thera yapata mwaka 631 kabla ya Kristo katika nchi ambayo leo ni Libya.

Uzuri wa kazi hii hauna budi kukiriwa kwanza, tena bila ya kigugumizi. Mchezaji atokaye katika mchanga wa jangwa huona ardhi ikibadilika rangi taratibu: majani yaanza, miti yafuata, kisha vilima vya kijani, na juu ya vilima nguzo za mji. Mtu aliyezaliwa Mwanza, mji wa mawe uliopanda vilimani juu ya maji, huhisi hapo jambo analolijua: namna barabara inavyolazimika kuuzunguka mwamba, na namna nyumba ya tajiri inavyochagua mahali pa juu penye upepo. Magofu halisi ya Kirene yaliandikwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 1982, yakaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2016, na mwezi Septemba 2023 yalipigwa na mafuriko ya tufani ile ile iliyoangamiza mji wa Derna. Mchoro wowote mwaminifu wa mahali palipo katika hali hiyo una thamani yake.

Mwezi Februari 2018 mafundi hao walitoa sehemu nyingine iitwayo Discovery Tour, ambayo ndani yake vita vimeondolewa na mchezaji hutembea tu na kusikiliza maelezo, kama mtu aliye katika makumbusho. Humo sanamu za Kiyunani zilizo uchi zimefunikwa kwa makombe ya pwani ili zisiwaone haya walimu, ilhali katika mchezo wenyewe shujaa huchinja watu mia bila ya kufunikwa chochote. Humo pia yako madarasa ya Aleksandria ambamo wavulana na wasichana hukaa pamoja, na mafundi wakiri wazi kwamba historia haikuwa hivyo, bali wao wamependa iwe hivyo. Kukiri huko ni kwa heshima. Mwandishi wa riwaya ya kihistoria aghalabu hasemi pale alipoiacha kweli, hawa wamesema. Lakini mtu akisha kukiri dhambi ndogo kwa sauti kubwa, msikilizaji hapaswi kuacha kuuliza kama iko nyingine iliyopitishwa kimya.

Nayo iko, tena yahusu neno lenyewe la mji. Wayunani waliuita mji wa namna ya Kirene kwa neno apoikia, maana yake makao yaliyo mbali na nyumbani. Kiswahili cha kisasa hulitafsiri kwa neno koloni, na hapo msomaji wa Afrika Mashariki huona mara moja mkuu wa wilaya, kodi ya kichwa na bendera ya ng'ambo. Sivyo ilivyokuwa. Mji wa apoikia ulijitawala wenyewe. Ulichukua moto na miungu kutoka mji mama, lakini haukupokea amri kutoka huko. Kiswahili kina neno lililo bora zaidi, nalo ni kulowea: kuja mahali, kukaa, kuzoea, mpaka safari ya kurudi isahauliwe. Watu wa Thera walilowea Kirene. Bahati mbaya jina mlowezi, litokanalo na kitenzi hicho kipole, lilipata uchungu katika karne ya ishirini kwa sababu ya mashamba ya nyanda za juu za Kenya, na hata leo halisemwi bila ya kukunja uso kidogo. Hata hivyo uchungu huo una mafunzo kwa msomaji wa habari za Kirene, kwa maana waliolowea walilowea juu ya ardhi ya mtu.

Herodoto amesimulia kisa chenyewe, na ni kisa cha ajabu. Thera ilikosa mvua kwa miaka saba. Kwa agizo la hekalu la Delphi watu wachache walipelekwa Libya chini ya kiongozi aitwaye Battus. Walikaa kwanza katika kisiwa kidogo, kisha pwani mahali paitwapo Aziris kwa miaka sita, mpaka Walibya wenyewe walipowaambia kwamba wanajua mahali palipo pazuri zaidi na kwamba watawaongoza. Wakawaongoza kuelekea magharibi. Lakini njiani palikuwa na nchi iitwayo Irasa, iliyo nzuri kuliko zote, na Walibya walizihesabu saa za mwendo kwa hila, ili wageni waipite usiku wasiione. Asubuhi wakawafikisha kwenye chemchemi, wakawaambia wakae hapo, kwa kuwa hapo mbingu ina tundu. Yaani mvua haikosi.

Katika visa vyote vya kale vya mgeni na mwenyeji, ni vichache vilivyo na akili kama hiki. Mwenyeji hapa si mjinga wala si adui. Ametoa alichoweza kutoa, akaficha alichokipenda, tena amefanya hivyo kwa adabu na kwa mahesabu ya saa. Haikumfaa mwisho. Zama za Battus wa pili hekalu la Delphi liliwahimiza Wayunani wa kila mahali waende Kirene wakagawiwe ardhi. Wakaja wengi, na Walibya wakanyang'anywa nchi. Mfalme wao Adikrani alituma ujumbe kwa Farao Aprie kuomba msaada, na yapata mwaka 570 kabla ya Kristo jeshi la Misri liliangamizwa huko huko Irasa, mahali palipokuwa pamefichwa usiku. Baada ya hapo Kirene ilitajirika kwa farasi, kwa nafaka, na zaidi kwa mmea wa silfio, dawa na kiungo cha thamani kilichochongwa hata kwenye sarafu za mji. Mmea huo ulivunwa mpaka ukatoweka. Plinio aandika kwamba katika zama zake ulionekana mche mmoja tu, nao ukapelekwa kwa mfalme Nero.

Haya yote mchezo umeyapita, na haidhuru, kwani kisa chake ni cha karne tano na zaidi baadaye, na hapana kazi ya sanaa iwezayo kubeba kila kitu. Linalodhuru ni mahali ulipouweka uzito. Mwaka 96 kabla ya Kristo Ptolemaio Apion alikufa akawarithisha Warumi nchi ya Kirene, na mwaka 74 ikafanywa jimbo la Roma. Basi mchezo wamweka Mrumi kuwa mdhalimu, mkubwa wao akiwa Flavius, muuaji mkuu anayetafutwa na Bayek, na Myunani wa Kirene kuwa mdhulumiwa, mwenye mji wake aliyeporwa. Ni kweli kwamba mtu aliyezaliwa mahali ambapo babu zake wamezikwa kwa karne tano si mgeni tena. Ndiyo maana ya kulowea. Lakini kwa kumfanya Myunani kuwa mwenyeji pekee mwenye malalamiko, mchezo umemwondoa Mlibya katika hesabu. Udhalimu waanza siku Mrumi alipoingia. Kabla ya hapo palikuwa na nguzo nzuri na chemchemi. Yule aliyezihesabu saa za usiku hana mjukuu katika mji wa mafundi wa Montreal. Kama yupo, apita nyuma ya shujaa akichunga mbuzi, wala hasemi neno la kukumbukwa. Amekuwa kama Simoni katika kituo cha tano.

Jambo hili lisingekuwa na uzito mkubwa kama Bayek mwenyewe asingekuwa ameumbwa kwa ustadi wa kutosha kulidai. Katika Aleksandria yeye ni mtu wa shamba katika mji wa watawala. Macho yake ndiyo yatupayo mji huo, na mji huonekana kama wageni walivyoujenga na kama mzawa anavyouvumilia. Huo ni uamuzi mkubwa wa sanaa. Michezo mingi ya namna hii humpa mchezaji macho ya anayekuja kuchukua. Huu umempa macho ya aliyekutwa. Sauti ya Bayek ni ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza ambaye wazazi wake asili yao ni Kenya, na kwa kazi hiyo aliteuliwa mwaka 2018 kushindania tuzo ya BAFTA. Yeye huyafanya maneno ya kawaida yawe na huzuni ya baba aliyefiwa. Mtu huyo afikapo Kirene, mji wa pili wa walowezi, msikilizaji hungoja amwone Mlibya na kumtambua. Hamtambui. Aliyeyaona yote Aleksandria amekuwa askari wa kukodiwa katika ugomvi wa Wayunani na Warumi.

Hapa msomaji wa Mwanza ana haki ya kuuliza mambo hayo yamhusu nini. Yamhusu kwa njia mbili. Kwanza, mji wake nao ulipata umbo lake mikononi mwa wageni: Wajerumani waliweka kituo chao hapo mwaka 1892, wakaliita jiwe maarufu la ziwani kwa jina la Bismarck, pamba ikaukuza mji, reli kutoka Tabora ikaufikia mwaka 1928, na baada ya sangara kupandwa ziwani katika miaka ya 1950 biashara ya minofu ikaja kuujenga tena, huku furu wa asili wakipungua mpaka aina nyingi zikakaribia kusahauliwa. Mji ulioinuka kwa zao moja wajua habari za silfio bila ya kufundishwa. Pili, Kirene na ziwa vilikwisha kujuana kwa uvumi tangu zamani, na ni mtoto wa Kirene aliyeuandika uvumi huo.

Mtoto huyo ni Eratosthene, aliyezaliwa Kirene yapata mwaka 276 kabla ya Kristo, akawa mkuu wa maktaba ya Aleksandria, akaupima mzunguko wa dunia kwa kivuli na kisima. Strabo amepokea kwake habari za mto Nili, na miongoni mwake hii: wako wasemao kwamba mkono mmoja wa mto huo hutoka katika maziwa yaliyo kusini, na kwamba mvua ndizo ziujazazo. Baadaye, katika karne ya pili baada ya Kristo, Klaudio Ptolemaio wa Aleksandria aliyatia maziwa hayo katika jiografia yake. Mawasiliano hayo hayajakatika hata leo: Kanisa la Orthodoksi lina jimbo lake la Mwanza, nalo liko chini ya Patriaki wa Aleksandria.

Lakini katika mchezo Nili hukatwa. Mto waonekana kwa utukufu wote, wenye viboko na matete na mashua. Hata sehemu iliyoongezwa mwaka 2018 yafika Thebe tu, na zaidi ya hapo ramani haina kitu. Maji yaja kutoka mahali pasipokuwapo. Mtu aweza kusema kwamba ni halali, kwa kuwa Bayek naye asingejua. Basi na tuangalie mchezo mwingine ambao umethubutu kulitia ziwa lenyewe ndani yake, tuone umelitia vipi.

Mchezo huo ni Civilization V, uliotoka mwaka 2010, na nyongeza yake ya mwaka 2013 iitwayo Brave New World. Ndani yake mchezaji huongoza taifa moja tangu zama za mawe hata zama za roketi, juu ya ramani iliyogawanywa kwa vigae vya pembe sita. Katika nyongeza hiyo Ziwa Viktoria limewekwa kuwa mojawapo ya maajabu ya asili. Ni kigae kimoja. Huzaa chakula sita. Udogo wake si kosa. Kila ramani hupunguza, na mlima Kilimanjaro nao ni kigae kimoja. Wala chakula si uongo: ziwa lenye eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800 limewalisha watu kwa ngege, furu na dagaa kabla ya kuwapo ramani yoyote. Anayetaka ushahidi na aende Mwaloni, Kirumba, asubuhi moja, akayatazame magunia ya dagaa yakipakiwa kwenda nchi za jirani.

Ubaya uko katika kanuni nyingine ya mchezo huo. Taifa ligunduapo ajabu la asili hupata nyongeza ya furaha kwa kuligundua tu. Kuliona ndiko kunakolipa. Ndivyo ilivyoandikwa pia katika vitabu vya shule kwa miaka mingi, kwamba tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke, akitoka Tabora, aliliona ziwa karibu na Mwanza, akalipa jina la malkia wake. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili ndio waliokuwa wamemwambia habari zake huko Tabora; Sidi Mubarak Bombay ndiye aliyetembea naye njiani; na juu ya vilima alivyopanda palikuwa na watu waliokuwa wakiliita Nyanza, kama vile Waganda walivyoliita Nalubaale na Wajaluo Nam Lolwe. Mafundi wa mchezo hawakukusudia kumsifu Speke. Wameandika kanuni ya hesabu, na kanuni imemtoa Speke yenyewe, kila mara mashine iwashwapo.

Na kwa kuwa maajabu hayo huangukia mahali popote katika ramani ibuniwayo na mashine, hutokea mchezaji akaongoza Wayunani, ambao kiongozi wao katika mchezo huo ni Alexander, akakuta Ziwa Viktoria mlangoni pake, akajenga kando yake mji unaoitwa Athens. Hilo ndilo koloni la Kiyunani ufukweni mwa Nyanza, nalo hujengwa bila ya kumwuliza mtu, kwani miongoni mwa mataifa yote ya mchezo huo hapana hata moja la watu wa Maziwa Makuu. Yamo ya Wazulu, Wasonghai, Wahabeshi na Wamoroko. Nyanza haina wenyewe. Hapana wa kumpitisha Alexander usiku asiione Irasa.

Pwani imepata nafuu kidogo katika Civilization VI. Zanzibar ni dola ndogo inayotoa karafuu na mdalasini, na tangu mwaka 2018 Kilwa Kisiwani ni jengo la ajabu ambalo taifa lolote laweza kulijenga. Ukiwa Mjerumani utaijenga Kilwa Berlin, ukipenda. Mji mzima wa watu, wenye masultani, misikiti na sarafu zake, umegeuzwa kuwa jengo la kuhamishika. Ajuaye Kilwa atacheka, kisha atanyamaza.

Watu huijibu lawama ya namna hii kwa kusema kwamba ni mchezo tu. Jibu hilo lingefaa kama mchezo ungekuwa kitu kidogo katika desturi za nchi hii. Wasukuma wamecheza ngoma kwa mashindano ya Bagika na Bagalu tangu zamani, wakatafutiana dawa, wakatungiana mafumbo, na mshindi alijulikana kwa watu waliomwendea wakimwacha mwenzake peke yake uwanjani. Hapana Msukuma aliyesema kwamba ni ngoma tu. Na huko Bujora, Kisesa, ambako padre David Clement, mtu wa Kanada kama mafundi wetu wa Montreal, alianza katika miaka ya 1950 kazi iliyozaa Makumbusho ya Wasukuma, vitu vya watemi havikuwekwa kimya. Mgeni aulizapo ngoma hii ilikuwa ya nani, mtu wa mahali hapo humjibu, naye aweza kumbishia.

Inafaa kutajwa hapa kwamba Abubakar Salim, baada ya kumpa Bayek sauti, alianzisha karakana yake mwenyewe, na mwezi Aprili 2024 ikatoa mchezo uitwao Tales of Kenzera: Zau, ambao ndani yake kijana aliyefiwa na baba amwendea Kalunga, mungu wa mauti, kumdai amrudishe. Mchezo huo huweza kusikilizwa wote kwa Kiswahili. Kwa mtu aliyezoea kuona lugha yake ikitumiwa katika kazi za ng'ambo kwa maneno mawili matatu ya salamu, hili ni tukio. Simba na majoka hayamo ili kupamba. Huzuni imesemwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hata mwisho, na lugha imeibeba. Lakini nchi ya Kenzera ni ya kubuni, imeundwa kwa mchanganyiko wa hadithi za Kibantu, haina mwaka wala bandari. Kazi hiyo imetupa sauti bila ya mahali, kama vile Kirene ilivyotupa mahali bila ya sauti.

Kuwa na vyote viwili si jambo lisilowezekana, kwani ufukweni mwa ziwa hilo hilo limekwisha kufanywa na mtu mmoja kwa kalamu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika kwa Kikerewe mwaka 1945 riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na ya watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali, kisha akaifasiri mwenyewe. Ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Ni kitabu kirefu, na wako wanaokilaumu kwamba husimama mno: kisa kikiwa kinakwenda, mwandishi hukiacha akaeleza namna ya kulima, kuvua, kuganga na kuamkiana. Lawama hiyo ina haki kidogo kwa msomaji wa riwaya. Kwa mjenzi wa mji wa kuchezwa haina haki hata chembe, kwa sababu hayo hasa ndiyo anayoyatafuta.

Tena mwendo wa kisa chenyewe ni mwendo wa mchezo. Myombekere hajapata mtoto na mkewe. Wakwe wamemchukua binti yao. Naye amwendea, aomba, na apewa sharti la kuleta vibuyu vya pombe ya ndizi. Katika Assassin's Creed Origins shujaa hutumwa mara nyingi hivyo hivyo: lete hiki, mtafute yule, kisha upokee malipo. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Bayek akisha kuleta alichotumwa, alama hujiongeza, na aliyemtuma hatamwona tena. Myombekere hawezi kutengeneza pombe peke yake. Yampasa kuomba msaada wa majirani, na kila anayemsaidia amemfunga kwa deni la wema, na kila tendo lina adabu yake ambayo akiikosea atachekwa. Afikapo kwa wakwe na vibuyu vyake, nyuma yake kimefika kijiji kizima. Kwa njia hiyo msomaji hujikuta anaijua Ukerewe, si kwa miti na nyumba zake tu, bali kwa nani ana haki ya kumkasirikia nani.

Hilo ndilo lililokosekana katika Kirene ya Montreal yenye nguzo kamilifu. Mtu aliyekimaliza kisa chake hubaki anajua ngazi zipandazo hekaluni na paa la kurukia, wala hajui chemchemi ni ya nani. Fundi atakayetaka kulitengeneza ziwa, awe wa Montreal au wa Nyegezi, hatakosa vifaa: picha za setelaiti zipo, mitumbwi ipo, nyimbo za wavuvi zipo, na kitabu cha Kitereza kina kurasa za kutosha. Kazi yake ngumu itakuwa pale mwanzo kabisa, mgeni ashukapo ufukweni kwa mara ya kwanza, nayo ni kuamua ni mwenyeji gani atakayemshika mkono kumwonyesha njia, ni nchi gani ataipitisha usiku, na kwa lugha gani atamwambia kwamba wamefika.